Mzinga Mtupu Hautajwi

Baba yangu alikuwa mrina asali, mume wangu alikuwa mkata kuni za reli, na mimi nilikuwa nawapikia wote wawili. Watu wakisimulia ubishi wa misitu katika nchi ya Tabora miaka ile baada ya vita, Mwingereza akiwa bado anatutawala, husimulia serikali ilisema nini na watemi walijibu nini. Mimi ubishi ule niliula na ugali. Kila upande ulikuwa na bakuli lake jikoni kwangu.

Tulikaa mwendo mfupi kutoka stesheni ya Tura. Njia iliyopita mbele ya nyumba yetu ilikuwa ile ile ya misafara ya zamani. Babu yake baba aliipita na pembe ya ndovu begani kwenda pwani, na baba alipenda kutukumbusha kwamba ukoo wetu ulivuka lile pori kavu la Mgunda Mkali kwa miguu kabla reli haijajua kutambaa. Enzi zangu njia ile ilikuwa ya mbuzi na ya wanawake wa kwenda kisimani. Mizigo yote ilikuwa imehamia kwenye gari moshi, na gari moshi lilikula kuni.

Lilikula kweli. Ukisimama stesheni uliona mirundo ya magogo imepangwa kando ya reli kama kuta za nyumba ambazo hazijaezekwa. Injini inafika, vijana wanarusha magogo, ukuta unaisha, injini inapiga honi na kuondoka bila kusema asante. Kesho yake ukuta unajengwa upya. Mume wangu alikuwa mmoja wa wajenzi wa kuta hizo. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye viganja vigumu kiasi kwamba mtoto akibebwa naye alilalamika. Nilipoolewa nilikuwa nikilisikia shoka lake nikiwa uani kwangu. Mtoto wetu wa kwanza alipoanza kutambaa, shoka lilikuwa halisikiki tena, na nilipompelekea chakula ilinibidi niondoke jua likiwa bado halijapanda. Miti ya karibu ilikuwa imekwisha.

Msitu uliobaki karibu na stesheni ulikuwa ule wa bondeni, na mle ndimo ilimoning'inia mizinga ya baba.

Baba alikuwa mfupi, mwepesi, mwenye maneno. Mama alikwishafariki, na mimi ndiye mtoto pekee aliyebaki karibu naye, kwa hiyo kila Jumapili baada ya sala nilikwenda kumpikia na kumfulia. Nta yake ndiyo iliyowasha mishumaa ya kanisani kwetu, jambo ambalo hakuruhusu mtu alisahau. Katekista akirefusha mahubiri, baba alijikohoza na kuitazama mishumaa, kama mwenye duka anayemwangalia mteja akichezea bidhaa.

Mizinga yake ilikuwa ya magome, kama ya warina wote wa kwetu. Mvua zikishaanza na miti ikaingiwa na maji, unachagua mti wa muyombo ulionyooka, unaukata gome kwa kuzunguka juu na chini, unapasua ubavuni, kisha unalivua gome zima kama unavyomvua mtoto kanzu. Unalishona kwa kambaa, unaziba ncha zake, unalitundika mtini. Mti wenyewe unabaki uchi. Nilikuwa nimeuona uchi huo tangu utotoni, na sikuwahi kurudi kuutazama unaendeleaje.

Tena alikuwa na miiko yake. Mkubwa kuliko yote ulikuwa huu: mzinga mtupu hautajwi. Ukiutundika, humwambii mtu umeutundika wapi, wala umeutengenezaje, mpaka nyuki waingie. Ukitaja, wanasikia, nao hawapendi kuingia nyumba iliyokwisha semwa. Ukimkuta baba anatoka porini na kamba begani ukamuuliza ametoka wapi, alijibu, "Nilikuwa najinyoosha miguu." Sisi watoto tulimcheka, lakini hakuna aliyethubutu kumfuata.

Mwaka ninaousimulia alikuwa na wazimu mwingine. Nilimkuta nyuma ya nyumba amelaza gogo la mti mkavu, analichimba kwa tezo. Jasho linamtoka, vipande vya mti vimejaa mpaka kwenye ndevu.

"Baba," nikamwambia, "unachonga mtumbwi? Na maji yako wapi?"

"Maji yatakuja," akasema.

Basi ikawa utani wetu. Kila Jumapili nikifika nilimwamkia shikamoo, naye akiitikia marahaba tu, nilimuuliza, "Mtumbwi umefika wapi?" Anajibu uko Kigoma, au umekwama kwenye mchanga, au nahodha ana homa. Siku moja gogo sikuliona tena. Nikadhani limemshinda, amelichoma kuni. Sikumuuliza, kwa kuwa mwanaume akishindwa na kazi si vizuri kumtonesha.

Sasa ukwe. Mume wangu na baba yangu walipendana, nasema kweli, lakini walipendana kwa mbali. Kwetu mkwe wa kiume haongei hovyo na baba wa mkewe. Wakikutana njiani, mume wangu alitoka pembeni, akachuchumaa kwenye majani, akatazama chini mpaka mzee apite. Hakula naye sahani moja. Hakumwita jina. Kumbishia mbele za watu ndiyo kabisa, afadhali avue nguo sokoni. Wakiwa na la kuambiana, lilipitia kwangu, nami nililifikisha likiwa limepungua chumvi au limezidi, kutegemea nilivyoamka siku hiyo.

Habari za baraza zililetwa na mwanangwa, yaani mkubwa wa kijiji chetu. Bwana Misitu atakuja Tura na mkalimani wake. Wenye reli wameomba msitu wa bondeni ufunguliwe kwa wakata kuni. Warina asali wameomba ufungwe. Bwana anataka kusikia watu wenyewe wanasemaje kuhusu miti yao na miaka inayokuja, kisha atakata shauri.

Shauri hilo lilikuwa linakata katikati ya kifua changu. Msitu ukifunguliwa, baba ameisha. Ukifungwa, kambi ya wakata kuni inahamia stesheni za mashariki, kule Mgunda Mkali penyewe, na mume wangu anaondoka nayo. Ama nimfuate na kumwacha baba peke yake, ama nibaki na kumlea mtoto asiye na baba karibu. Sikulala vizuri juma lile, na kila aliyenisemesha alijibiwa vibaya.

Siku mbili kabla ya baraza, mume wangu alirudi mchana akakaa jikoni, jambo ambalo hakulizoea. Nilikuwa nakata viazi vitamu vya kukausha michembe.

"Leo nimepita bondeni," akasema. "Nyapara alitutuma tukaangalie miti. Imekufa."

"Imekufaje?"

"Imesimama, lakini imekufa. Miyombo mikubwa. Yote imevuliwa magome. Mmoja, mwingine, mwingine, mpaka kwenye mto. Mimi nikikata mti, kisiki kinachipua. Umeona mwenyewe kule kwenye visiki vya mwaka tuliooana, miti inanipita kimo sasa. Ukivuliwa gome hauchipui. Unakauka tu."

"Kwa hiyo wanaoua msitu ni warina?"

"Sijasema hivyo. Sisi tunafyeka vyote, nyuki hatuwabakizii hata ua. Nasema tu kwamba baba naye anaua, na watu hawajui."

"Basi yaseme barazani!"

Alinitazama kama nimemwambia akatukane kanisani. "Nimseme mkwe wangu mbele za watu?" Akainuka, akachukua shoka lake, akarudi kazini.

Baraza lilifanyika katika banda la mizigo la stesheni, kwa sababu mvua ilikuwa inatishia. Bwana Misitu alikalia kiti, mkalimani kakalia sanduku, watu wamesimama au wamekalia magunia. Mlikuwa na harufu ya nta, kwa kuwa marobota ya nta ya mfanyabiashara mmoja Mhindi yalikuwa yakisubiri gari moshi. Wanawake tulikuwa nyuma, kama kawaida. Hakuna aliyetuuliza habari za kuni, sisi ambao tunazibeba kichwani tangu tunaota meno.

Baba alisimama kwanza.

"Gari moshi ni mgeni," akaanza, "na mgeni hupewa chakula. Hatukatai. Lakini mgeni huyu halali, hashibi, na hata jina la mwenyeji wake hajui. Mti ukiukata leo, anautafuna kabla hajafika Tabora. Ukiuacha, unatoa maua, nyuki wanakula, nami nakula, na mishumaa ya kanisani inawaka. Mwakani vilevile. Sasa nyinyi niambieni, mjukuu wangu mmemwekea nini? Moshi?"

Watu walimpigia makofi. Nami nilijivunia, siwezi kusema uongo. Nyapara wa wakata kuni alijibu kwa hasira kidogo.

"Mzee, hilo shati ulilovaa limekuja na nini? Chumvi yako je? Hiyo nta yenyewe inangoja nini hapa? Gari moshi lisipokula, sisi sote tutarudi kubeba mizigo kichwani kama babu zetu."

Hapo mkuu wa stesheni akaingilia, akasema amesikia kwamba siku zijazo injini zitakunywa mafuta mazito, hazitataka tena kuni, basi kuna haja gani kumaliza msitu kwa ajili ya miaka michache? Wakata kuni wakacheka, injini inywe mafuta kama taa! Yule Mhindi hakucheka. "Mafuta yanakuja kwa meli," akasema. "Wakati wa vita mliyaona? Hata ya taa tulikosa. Kuni ziko hapa hapa, hakuna wa kukunyima." Ukawa ubishi mtamu, kila mtu ana lake, na kila mtu ana chembe ya kweli ndani yake. Mkalimani alihangaika kuufuata, jasho linamtoka.

Mimi nilikuwa namtazama mume wangu. Alikuwa nyuma ya wenzake, anatazama miguu yake. Wenzake walikuwa wanashindwa, na yeye alikuwa ameshika jibu mdomoni kama mtu mwenye maji ya kusukutua, hawezi kuyatema.

Bwana akauliza kama kuna mwingine. Nikasimama.

Watu waligeuka. Mkalimani akaniuliza, "Mama, una shida gani?"

"Nina swali."

"Kwa Bwana?"

"Kwa baba yangu."

Baba aliinua uso. Nikamwamkia shikamoo mbele ya baraza zima, akaitikia marahaba, na wengine wakacheka kwa kuwa ilikuwa kama tumekutana sokoni.

"Baba, gome la mzinga unalitoa wapi?"

"Kwenye muyombo."

"Ukishauvua gome, muyombo unakuwaje?"

Angeweza kunifokea nikae, na baraza lingemwunga mkono. Angeweza kusema inategemea. Lakini baba yangu uongo ulikuwa unamshinda kama samli inavyowashinda wengine.

"Unakufa," akasema.

"Na ukikatwa kwa shoka?"

"Kisiki huchipua."

Akafungua mdomo kama anataka kuongeza neno. Nilimwona. Kisha akaufunga, akakaa.

Nilidhani nimeshinda. Nilikuwa nimesimama pale, nasubiri Bwana aseme kwamba wakata kuni wana haki. Yeye aliongea na mkalimani wake, akaandika, akaongea tena. Shauri likatolewa. Msitu wa bondeni unafungwa. Shoka lisiingie. Na kwa kuwa mzee mwenyewe ameeleza vizuri, gome nalo lisivuliwe, mle wala nje ya mle. Mizinga iliyopo itumike mpaka ichakae. Mipya ya magome ni marufuku.

Hivyo ndivyo nilivyomtetea mmoja nikawavunja wote wawili. Watu walitoka bandani. Warina walinipita bila kunitazama, na wakata kuni pia. Nyumbani mume wangu, ambaye hakuwahi kuniinulia sauti, alinena neno moja tu: "Umemvua baba yako gome mbele za watu, na mimi sikukutuma." Nililia kwa hasira, maana nilifanya yale kwa ajili yake.

Jumapili iliyofuata sikujua kama niende kwa baba. Nikaenda. Nilimkuta amekaa kizingitini amevaa viatu vyake vya porini. Nilimwamkia, akaitikia, akasema, "Twende, mayu." Mayu ni mama kwa Kinyamwezi, na aliniita hivyo nilipokuwa mtoto mgonjwa. Nikamfuata.

Tulishuka bondeni mpaka kwenye mkurungu mmoja mkubwa. Akanionyesha juu kwa kidevu. Kwenye panda ya mti lilikuwa limelazwa gogo, limezibwa ncha zote mbili, lina tundu dogo ubavuni. Gogo lile. Nililitambua kwa ufa wake wa upande mmoja.

"Nimelichonga kwa muyombo nilioua mwenyewe," akasema. "Hiyo miti mikavu naiona kila siku. Mumeo ameiona mwaka huu, mimi naiona miaka mingi. Nikasema, labda nyuki watakubali nyumba ya gogo, niache magome. Hawajakubali. Msimu umepita, halina hata mmoja."

"Baba, kwa nini hukusema barazani?"

"Mzinga mtupu unatajwa?"

Ndilo neno alilolimeza siku ile bandani. Angelitoa, Bwana angesikia kwamba warina wameanza kujitafutia njia wenyewe, na huenda shauri lingekuwa jingine.

"Sasa nikuulize na mimi," akasema. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma. "Mumeo amefungwa na ukwe, hawezi kuniambia. Namheshimu kwa hilo. Wewe je? Kila Jumapili uko jikoni kwangu. Wewe ulifungwa na nini?"

Mpaka leo sina jibu. Nimejaribu mengi. Nimesema ni hasira, nimesema ni usingizi mbovu, nimesema ni kiburi cha kusoma madarasa manne ya misheni. Kweli ni kwamba haikunipitia akilini kabisa kwamba baba yangu angeweza kuambiwa. Nilimwona ni upande wa ubishi. Nilisahau ni mtu ninayempikia.

Tulipokuwa tunarudi nikakumbuka jambo lingine, nikasimama. "Baba, umenionyesha. Umeutaja."

"Nimeutaja," akasema, akaendelea kutembea.

Mwezi ule ule kambi ilihama. Nilikaa siku nyingi naamua, kisha nikamfuata mume wangu, maana baba mwenyewe alikataa nibaki. Alitusindikiza stesheni. Mume wangu alichuchumaa kando ya reli, macho chini, na baba akasimama mbele yake kwa muda mrefu kuliko ilivyo desturi. Injini ilipoanza kuvuta, niliona magogo ya mume wangu yakitupwa motoni, na nikamwona baba akipungua kando ya reli mpaka moshi ukamfunika. Nilikuwa najua anarudi kwenye mizinga ya magome inayochakaa na gogo moja tupu nililoliharibia bahati.

Kule kambini tulikaa mwaka. Nchi kavu, maji ya kupimiana, simba wanaunguruma mchana. Nilituma salamu kupitia watu wa reli, baba akarudisha salamu. Habari za mzinga sikuuliza. Ningeulizaje? Kila nilipoona nyuki kwenye maji ya kuogea, nilijificha nisiwaangalie, nisije nikawaharibia tena.

Siku moja gari moshi la kutoka Tabora lilisimama kuchukua kuni, na gadi akaniita kutoka behewa la nyuma. Alikuwa na debe dogo limefungwa kwa gome la mti, gome kuukuu la mzinga uliochakaa.

"Mzee wa Tura kanipa hii," akasema. "Kaniambia nikwambie mtumbwi umefika."

Gadi alidhani mzee ana kichaa, alikuwa anacheka. Mimi nilikaa chini pale pale kwenye kokoto, nikafungua debe. Asali ilikuwa nyeupe ya miyombo, bado ina vipande vya sega. Nililia mpaka mtoto akaanza kulia naye.

Kisha nikaibeba hadi porini, mahali mume wangu alipokuwa anakata. Nikamwambia imetoka kwenye gogo. Aliweka shoka chini, akatoka pembeni ya njia, akachuchumaa kwenye majani, akatazama chini, ndipo akapokea asali kwa mikono miwili.